Mume Wangu Alitoka Kwanza

Mume wangu alitoka kwanza.

Soma tena taratibu. Trela linawaka moto, mimi niko ndani, watoto wetu wawili wako ndani... na baba yao akaruka mlangoni akatokomea!

Hakugeuka.

Akiwa mlangoni hata kunitupia jicho hakunitupia.

"Baba Bonge!" nilipiga ukunga. "Unatuacha?!"

Kimya.

"Baba Bonge! Watoto wako hawa!"

Kitu cha mwisho kuona ni kisigino cha ndara yake ya bluu kikiruka ngazi. Basi. Moto ukafunga mlango nyuma yake.

Wengi wenu mliiona ile video niliyorusha siku ile. Mlimtukana mpaka mkaishiwa matusi. Kuna aliyesema mwanamume wa namna hiyo avalishwe gauni. Mwingine akaniahidi wakili wa talaka.

Leo nasimulia yote, tangu mwanzo. Na nitasimulia kama nilivyokuwa nikiona siku zile, kwa mdomo ule ule mnaoujua. Mkifika mwisho mtaamua wenyewe nani wa kutukanwa.

Haya, twende.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vinne na ukurasa wenye wafuasi elfu arobaini. Mnaniita Madoido, na jina nimelistahili. Sijawahi kutoka nje bila kupendeza, hata kwenda kumwaga takataka.

Mume wangu ni fundi lifti.

Mtu wa kupanda na kushuka kutwa nzima bila kufika popote.

Mwembamba, mpole, anaongea taratibu kama anasoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Ana daftari la kuandika lini alikaza nati gani. Mashoga zangu wakileta waume zao kwenye sherehe, wanaume wanacheka, wanacheza, wanamwaga maneno. Wangu anasimama pembeni anakagua taa za mlango wa kutokea.

Nilikuwa naona aibu, jamani. Nisiwafiche.

Mwaka juzi akanunua trela la kulala. Mnavijua, vile vinyumba vya magurudumu vinavyofungwa nyuma ya gari, mnaenda kupiga kambi na familia. Lilikuwa bovu. Alilitengeneza uani mwaka mzima, Jumapili hata moja haikumpita. Mbele akaweka jiko la gesi, karibu na mlango. Katikati meza na benchi. Nyuma kitanda kimoja kipana, na juu ya kitanda dirisha kubwa lenye vishikio viwili vyekundu.

Siku ya kunionyesha, mimi nilitaka kuona kioo kiko wapi.

Yeye akanipeleka dirishani.

"Hili ndilo la dharura," alisema, akilipapasa kama anaposa.

"Dharura ipi?"

"Jiko liko mlangoni, Mama Bonge. Jiko likiwaka, mlango hatuna tena. Tutatokea hapa."

"Nyie tokeni dirishani kama paka. Mimi nitatoka mlangoni kama binadamu."

Akanyamaza. Kawaida yake. Nami ukimya wake nilikuwa nauhesabu ushindi.

Basi yakaanza mazoezi.

Kila Jumamosi asubuhi, uani, mbele ya majirani! Anapuliza filimbi. Watoto wanalala sakafuni, wanatambaa hadi kitandani, wanafungua dirisha, wanatua kwenye godoro nje, wanakimbia hadi kwenye tangi la maji. Yeye amesimama na saa mkononi anahesabu.

"Sekunde thelathini na nne. Tena."

"Sekunde ishirini na nane. Vizuri. Tena."

Nikambandika jina: Sekunde.

Binti yetu wa kwanza, tunamwita Dada, ana miaka tisa. Mdogo wake, Bonge, ana minne, na jina linamtosha. Dada alikuwa anamshika kiunoni anamsukuma dirishani kama gunia. Mimi nimekaa kwenye kiti changu cha uani, chai mkononi, nawapiga video.

Mnaikumbuka? "Makomando wa Uani." Mliitazama mara laki moja na nusu! Nyinyi hao hao. Mkaniambia mume wangu ana kichaa cha kistaarabu.

"Mama, na wewe njoo!" Dada aliniita.

"Mama ana kucha mpya."

"Mara moja tu," mume wangu akasema. "Ujue tu vishikio vinavutwa vipi."

"Nikitaka kutoka nitakuambia unifungulie mlango."

Akanitazama kidogo, akaenda kuliinua godoro.

Likizo ya shule ikafika. Tukaenda kambini.

Ni uwanja mpana wenye miti, trela kama ishirini zimepangwa mstari, mabafu ya pamoja katikati. Trela la jirani yetu lilikuwa jeupe, kubwa, lina kivuli cha kukunjua na viti vya ngozi. Mwenyewe kila mtu alimwita Kapteni. Kapteni wa nini, sijui mpaka leo. Miwani ya jua, kifua mbele, sauti ya kunadia mitumba.

Huyo sasa ndiye mwanamume, nilijisemea.

Tumefika, hata maji hatujanywa, Sekunde akapuliza filimbi yake.

Mbele ya kambi nzima!

Watoto wakachomoka dirishani, mbio hadi kwenye tangi la maji la kambi. Alikuwa ameshawaonyesha tukiwa bado tunaegesha.

Kapteni akacheka mpaka akavua miwani.

"Shemeji, huyu jamaa yako anatoroka jela gani?"

"Anaogopa jiko, Kapteni."

"Mwanamume mzima anaogopa jiko?"

"Na tanuri la mikate akiliona anahama mtaa."

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu alisikia. Alikuwa hatua tano tu kutoka kwetu, anafungua kamba ya godoro. Masikio yakamwiva. Akaendelea na kamba yake.

Nikamdharau zaidi. Ningemheshimu kama angenijibu hata ovyo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Mimi nilikuwa na kipindi changu. Mapishi na Madoido, laivu, kila asubuhi kutoka kambini. Na ndani ya lile trela hakukuwa na kitu cha kuvutia. Kila kona chuma, kila kona kibandiko cha maelekezo. Nikaamua kupapendezesha.

Nikatundika pazia jepesi la rangi ya dhahabu juu ya jiko. Kwenye kamera lilikuwa linameremeta, acha tu.

Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umening'inizwa kando ya mlango, mwekundu, unaharibu rangi zangu. Nikauchomoa nikausukumia chini ya benchi.

Halafu kile kidude cha darini, king'ora cha moshi. Nikikaanga kitu kinalia. Nikichoma nywele pasi kinalia. Wafuasi wanaandika, "Madoido, una kifaranga?" Nikakifungua, nikatoa betri, nikaitia kwenye taa yangu ndogo ya kupigia video. Kifuniko nikakirudisha vizuri. Sekunde asijue.

Na begi langu la nywele za bandia, lile kubwa la magurudumu, nikaliegemeza kitandani, usawa wa dirisha. Sehemu nyingine lilikuwa halienei.

Yeye kila jioni analitoa. Mimi kila asubuhi nalirudisha.

"Mama Bonge, njia."

"Njia ya kwenda wapi?"

Hivyo hivyo, siku mbili.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri, niko hewani. Watu mia sita wananitazama. Sufuria ya mafuta iko jikoni, nataka kukaanga viazi. Dada yuko kitandani anasoma. Bonge na baba yake wako benchini wanafunga gurudumu la kigari cha plastiki.

Mtu akaniuliza kwenye komenti wigi nililovaa ni la aina gani. Nikageuka kulionyesha kwa nyuma. Nikazungusha shingo. Nikaeleza linavyooshwa.

"Mama Bonge, mafuta."

"Niko hewani!"

"Mafuta yanatoa moshi. Zima jiko."

"Unaniaibisha mbele za watu!"

Kidude cha darini kimya. Bila shaka.

Sufuria ikashika moto.

Hivi hivi, fuu! Ulimi mmoja wa moto, juu ya mafuta. Mume wangu akainuka, mfuniko mkononi.

"Funika! Usimwage ma..."

Nilishamwaga.

Jagi zima la maji!

Jamani, msiombe kuona. Mafuta yaliruka na moto wake hadi darini. Pazia langu la dhahabu likawaka lote kwa mara moja. Nilirudi nyuma nikapiga mgongo kwenye meza, wigi linanuka, simu imenitoka mkononi.

Nikamwona akinyoosha mkono kando ya mlango, pale mtungi ulipokuwa. Akashika ndoano tupu.

Akanitazama. Sekunde moja.

Halafu akatia vidole mdomoni akapiga mbinja kali. "Dirisha! Dada, dirisha!"

Na akaruka mlangoni, katikati ya ndimi za moto, akatokomea.

Ndipo niliposema yale niliyoyasema. Na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa, watoto wanasoma.

Moshi ulishuka kama mtu ameshusha dari. Mweusi, unachoma koo. Nikamkamata Bonge mkono, nikaanza kumvuta kuelekea mlangoni.

"Mama, siyo huko!" Dada alipiga kelele.

"Nifuate!"

"Mama, chini! Tambaa! Siyo huko!"

"Nimesema nifuate!"

Yule mtoto akamshika mdogo wake kiunoni, akamvuta upande wake. Mimi namvuta upande wangu. Bonge analia katikati.

Nilimpiga Dada kofi.

Ndiyo. Nilimpiga mtoto aliyekuwa anamwokoa mwenzake. Nililificha hilo kwenye video. Leo lijueni.

Hakuachia.

Akanishinda nguvu, mtoto wa miaka tisa, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama kwenye moshi, pumzi sina, na yeye alikuwa chini kwenye hewa. Bonge akaniponyoka. Nikawasikia wakitambaa. Nikasikia begi langu likiburutwa, likigoma, likianguka. Nikasikia vishikio, tak... tak. Mwanga ukaingia kwa nyuma.

Na mimi nilifanya nini?

Nilipiga magoti kutafuta simu.

Nilikuwa bado hewani, mnaelewa? Nilikuwa nawaza watu mia sita wanaona sakafu. Nikaipapasa chini ya meza, nikaigusa, imepata moto, nikaiachia. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka mkono ukinishika kwapani. Nakumbuka nikiupiga kucha. Nakumbuka nikibishana.

Nikazinduka majanini.

Sura ya kwanza kuiona ilikuwa ya Kapteni. Ameniinamia, kitambaa kibichi mkononi.

"Pole, shemeji. Uko salama."

"Watoto?"

"Wazima. Wamepelekwa zahanati, yule mdogo anakohoa tu."

"Baba yao?"

Kapteni akatazama huku, akatazama kule.

"Hata sijui kaelekea wapi."

Hayupo! Mke wake kalala majanini, nusu mfu, na hayupo! Mbele yangu trela limebaki mbavu za chuma.

Hofu ilinitoka, nikabaki na hasira.

"Kapteni, niazime simu."

Akaniazima. Akanishikia mwenyewe, akachagua upande wenye mwanga mzuri.

Nikaingia kwenye ukurasa wangu, nikaenda laivu, masizi usoni, na nikasema: "Mume wangu ametukimbia. Ametuacha tuungue. Mnamwona huyu? Huyu mwanamume wa watu ndiye aliyenitoa motoni. Wangu mimi ni mwoga, ni mwoga, ni mwoga!"

Mara tatu. Mlihesabu.

Na Kapteni akasimama pale pale, kifua mbele. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Akarekebisha miwani.

Nikaenda zahanati kwa gari la mlinzi wa kambi, nimejipanga. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mume wangu mbele ya wagonjwa wote, wasikie hadi waliolazwa.

Nikaanza na watoto. Bonge alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa na barakoa ya hewa usoni, anachezea mrija wake. Dada alikuwa anaoshwa goti. Lilikuwa limechubuka, na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kidogo. Nililijua lile shavu.

Muuguzi alikuwa anaandika fomu.

"Eh, binti shujaa, niambie. Mlitokaje?"

"Kwa mpango," Dada alijibu.

"Mpango gani tena?"

Akanyooka kitini kama yuko darasani.

"Baba anatoka kwanza. Hageuki, kwa sababu akigeuka atatuonea huruma na gesi itachelewa. Anafunga mtungi wa gesi nje ili trela lisilipuke. Halafu anazunguka nyuma. Mimi namshika Bonge kiunoni, tunatambaa, nasukuma chochote kilichoziba, navuta vishikio viwili. Baba anafungua kwa nje. Bonge wa kwanza, mimi wa pili. Tunakimbia kwenye tangi la maji, tunakaa hapo hapo, haturudi hata kama tumesahau kitu kizuri."

Nilishika ukuta.

Anatoka kwanza. Hageuki. Kwa mpango.

"Na mama je?" muuguzi akauliza. "Mama kazi yake nini?"

Dada akanitazama, akatazama goti lake.

"Mama hayumo."

"Hayumo vipi?"

"Hakutaka mazoezi. Kwa hiyo baba alisema mama tutamhesabu kama mtu asiyejua njia. Sisi tukishafika kwenye tangi, baba anarudi dirishani kumvuta. Kanuni inasema ukitoka usirudi. Baba alisema hiyo yeye ataivunja mara moja tu."

Muuguzi akaacha kuandika.

"Na hilo nalo mlilifanyia mazoezi?"

"Mama akiwa saluni. Tulikunja godoro tukalifunga kamba kiunoni, likawa mama. Baba akawa analivuta kwapani mpaka nje."

"Mimi nilikuwa sauti ya mama!" Bonge akadakia kutoka kitini kwake. "Nasema, simu yangu! Simu yangu!"

Akacheka. Akakohoa. Akacheka tena.

"Baba alisema mama wa kweli atakuwa mgumu zaidi," Dada alimalizia, "kwa sababu godoro halibishani."

Muuguzi aliuma mdomo akageukia kabati la dawa.

Mimi nikauliza kitu kimoja tu.

"Dada... aliyenitoa siyo Kapteni?"

"Kapteni alikuwa anavuta trela lake kulisogeza mbali na moto. Alikuja baadaye kupiga picha."

Mlinzi wa kambi, aliyesimama mlangoni, akatikisa kichwa kukubali. Akasema mume wangu aliingiza nusu ya mwili dirishani, kwenye fremu ya bati iliyokuwa inawaka, na hakutoa mikono mpaka mimi nimetoka mzima. Mguu mmoja ulikuwa umenasa kwenye mkanda wa begi la nywele. Alirudi mara mbili.

Kisha akanilaza majanini, akahakikisha napumua, akambeba Bonge kwa viwiko akakimbilia gari la zahanati. Kwa viwiko, kwa sababu viganja havikuwa vya kushikia kitu tena.

Zimamoto walipomkuta zahanati walimgombeza. Ukitoka umetoka, walimwambia, usingeingia tena, tungekukuta umekufa. Na wako sahihi. Alikubali kosa, akaomba radhi.

Nilikwenda wodini.

Alikuwa amelala chali, mikono yote miwili juu, imefungwa bandeji nyeupe hadi viwikoni. Kitanda cha pili kulikuwa na mzee amevunjika nyonga, kajifunika shuka, anatazama simu kwa sauti ya juu.

"...ni mwoga, ni mwoga, ni mwoga!"

Sauti yangu.

Mzee akafyonya. "Wanaume wengine bure kabisa," alimwambia mume wangu. "Umemsikia huyu dada?"

"Nimemsikia," mume wangu akajibu.

Akageuza kichwa, akaniona nimesimama.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi, Madoido, mwenye jibu la kila mtu, nilikosa hata salamu. Nikavuta kiti. Nikaketi. Zile kucha zangu, mbili zilikuwa zimekatika. Nikatazama shingo yake, nikaona zilipopita.

"Baba Bonge..."

"Watoto wamekula?"

"Wamekula."

"Sawa."

Kimya. Kile kimya nilichokuwa nakihesabu ushindi.

"Ulijua sitafuata," nilisema. "Nilikucheka mbele za watu, na ukakaa chini ukapanga kunirudia. Kwa nini?"

Nilitegemea neno, nisiwadanganye. Nilitegemea aseme ananipenda, nimwangukie, tulie wote, yaishe. Kichwa changu hata pale kilikuwa kinapanga tukio la kuvutia.

Akafikiri kabla ya kujibu, kama afanyavyo akiulizwa kuhusu lifti.

"Watoto wangeniuliza mama yuko wapi," akasema. "Nilijaribu kutafuta jibu la kuwapa, sikulipata."

Hilo tu. Akafumba macho.

Nimewahi kutukanwa na wateja, na mawifi, na watu nisiowajua kwenye komenti. Halijawahi kuniingia neno kama lile, na halikuwa tusi.

Yule mzee wa nyonga alikuwa ameshusha simu. Alinitazama, akaitazama skrini, akanitazama tena. Taratibu akageukia ukuta.

Sasa nirudi kwenu.

Nimeifuta ile video, lakini najua mmeihifadhi. Endeleeni kuihifadhi. Chini yake andikeni hivi: mwoga alikuwa huyu anayeongea.

Kapteni, najua unasoma. Uliacha watu elfu arobaini wakupongeze kwa mikono ya mtu mwingine kuungua. Trela lako halikupata hata vumbi. Hongera.

Nanyi mliomtukana mume wangu: nililisha mimi, mkala nyinyi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, gesi nani aliifunga? Hakuna aliyeuliza, watoto walijuaje njia? Mimi mwenyewe niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na moja sikuuliza.

Mnaopenda kupiga kambi na familia, shikeni haya, na kama mnataka kunicheka nichekeni huku mnashika. Trela ni dogo na lina jiko mlangoni. Moto hauwapi dakika. Kila mtu, hata mgeni wa siku moja, alifungue dirisha la dharura kwa mkono wake mwenyewe kabla hajalala humo. Msizibe njia kwa begi la mtu. Betri ya king'ora ibaki kwenye king'ora, na mtungi wa kuzimia moto ukae unapoonekana, hata kama hauendani na pazia. Mafuta yakiwaka, funika na uzime jiko, usimwage maji. Mpangiane nani anamtoa nani, na mtakutana wapi. Na ukishatoka, usirudi. Mume wangu alirudi akapona, lakini viganja vyake havijafunguka sawasawa hadi leo, na lifti hajazishika bado.

Kuhusu sisi. Hajaniambia amenisamehe, nami sijathubutu kumwuliza. Anazungumza nami kuhusu watoto, kuhusu dawa, kuhusu saa ya kubadilisha bandeji. Bandeji nabadilisha mimi. Nimejifunza kufunga bila kukaza.

Wiki iliyopita alimwita Dada mezani, akamwambia aandike mpango mpya, wa nyumbani, kwa sababu yeye kalamu haimkai. Nikasimama nyuma yao kwa muda. Mwisho nikapiga moyo konde.

"Naomba na mimi mniweke."

Wakatazamana.

"Unataka kazi gani?" akaniuliza.

"Nipe watoto. Nitawatoa mimi."

"Watoto wanajua njia," alisema. "Dada, mwandikie mama."

Dada akaandika kwa herufi kubwa, kalamu ikikwaruza, halafu akanigeuzia karatasi nisome.

MAMA: ANAMFUATA DADA. HABISHI.

Jumamosi tulifanya zoezi la kwanza. Nilichelewa sekunde tisa, na Dada akanirudisha kitandani tuanze upya.